Mimba si Sababu ya Kumnyima Mtu Kazi

Yuko mwandishi aliyewatetea hadharani waajiri wa Lubumbashi wanaompima msichana mimba kabla ya kumwajiri. Hoja yake: likizo ya uzazi ni gharama, na kampuni ina haki ya kuijua mapema. Haina. Sheria ya Kazi ya Kongo ya Oktoba 2002, kifungu cha 128, inakataza waziwazi kumtaka mwombaji kazi apimwe mimba au alete cheti. Kifungu cha 62 kinasema mimba si sababu halali ya kumfukuza mtu.

Msichana wa mtaa wa Katuba, Lubumbashi, mwenye diploma ya kemia anaitwa kupimwa afya. Anapewa kikopo cha mkojo. Hakuna anayemwambia kinachotafutwa. Wiki inayofuata anaelezwa kuwa nafasi imejaa. Kijana aliyemfuata kwenye foleni, ambaye mkewe ni mjamzito, haulizwi neno. Huo ni ubaguzi, hata ukivishwa koti jeupe la daktari.

Gharama yenyewe ni wiki 14 kwa theluthi mbili za mshahara. Kampuni inayouza shaba na kobalti haifilisiki kwa hilo.

Mwandishi anasingizia pia mila. Hadi 2016 Sheria ya Familia ilimtaka mke apate ruhusa ya mumewe kwa shughuli zake za kisheria. Hiyo nayo ilitetewa kwa mila; ikafutwa, na ndoa zetu zipo.

Wakaguzi wa kazi waingie kwenye vyumba hivyo vya vipimo. Na dada aliyenyimwa kazi asinyamaze: ashtaki, sheria iko upande wake.