H4 si breki

Mvua za Machi hadi Mei zikianza, hutakosa dereva wa pikapu hapa Kawangware anayejisifu kwamba ameweka H4 tangu lami ya Naivasha Road, eti kwa usalama. Mimi napinga.

Kwenye pikapu nyingi, H4 hufunga ekseli ya mbele na ya nyuma zizunguke pamoja. Ukikata kona, magurudumu ya mbele hupita njia ndefu kuliko ya nyuma. Kwenye tope, tofauti hiyo huishia kwenye utelezi. Kwenye lami kavu husokota shafti na kula gia. Basi lami ni H2, tope ni H4, na L4 ni ya kujinasua polepole.

Hoja yangu kubwa ni hii: H4 hukusaidia kuondoka, si kusimama. Hata Probox ina breki magurudumu yote manne. Hapa 46 kando ya barabara kuna mikokoteni, bodaboda na watoto wa shule. Tope halijui umeweka gia gani.

Waandika programu wenzangu mnaelewa: programu yenye ruhusa zote muda wote haiwi salama zaidi. Weka H4 kabla ya tope, itoe ukifika lami, na punguza mwendo. Au mwasemaje?