Mpaka uliowabakiza vijana wa Ireland

Anayevusha bidhaa Namanga au Mutukula anajua jinsi kanuni moja mpya inavyovuruga hesabu yote. Ndivyo ilivyoikuta soka ya Ireland. Kwa miongo mingi ililea vijana hadi miaka 16, kisha klabu za Uingereza zikawamalizia. Uingereza ilipojitoa Umoja wa Ulaya, kuanzia 2021 sheria za FIFA zikawazuia walio chini ya miaka 18 kuhamia huko.

Stephen Kenny, kocha wa timu ya taifa kuanzia 2020 hadi 2023, aliacha mipira mirefu akataka pasi zianzie kwa kipa. Matokeo yalikuwa mabaya, lakini hatuulaumu mtindo. Pasi haifundishwi kwenye kambi ya wiki moja. Hufundishwa mtoto akiwa na miaka 12, na kocha anayelipwa kwa kazi hiyo. Klabu za Ireland zinao wachache mno.

Faida imeanza kuonekana. Mason Melia alikomaa St Patrick's Athletic akicheza na watu wazima, ndipo Tottenham ikamnunua kwa bei iliyovunja rekodi ya ligi hiyo. Serikali ya Dublin ichangie mishahara ya makocha wa vijana sasa, kabla fedha za mauzo kama hayo hazijaishia kwenye kikosi cha kwanza.