Tusimsingizie Mungu Maiti za Tsunami



Kila yanapotokea mafuriko au tetemeko la ardhi, hawakosekani wahubiri wa kututangazia kwamba Mungu ameziadhibu dhambi za watu. Hoja hiyo ilivuma sana baada ya tsunami ya tarehe 26 Desemba 2004, na hata leo ingali inarudiwa, pengine ndani ya Jumuiya zetu Ndogondogo, na vinywa vya watu waliobatizwa na kupokea Kipaimara. Wapo wanaoipambanua zaidi: eti Aceh waliangamia kwa kuwa ni Waislamu, na Thailand kwa uasherati wa watalii. Nasema bila kumung'unya maneno: huo ni uzushi, tena uzushi wenye ukatili ndani yake.

Tuwatazame kwanza waliokufa. Siku ile ilikuwa Dominika, sikukuu ya Familia Takatifu. Saa 2 kasoro dakika 2 asubuhi kwa saa za huko, sakafu ya bahari karibu na kaskazini mwa Sumatra ilipasuka kwa urefu uliozidi kilometa 1,000. Waliofariki katika nchi 14 wanakadiriwa kuzidi 225,000: Indonesia peke yake yapata 167,000, Sri Lanka yapata 35,000, wengine maelfu India na Thailand, Somalia yapata 300, na hapa kwetu Tanzania wapatao 10. Katika vijiji vingi vya Aceh walikufa wanawake wengi kuliko wanaume. Wanaume wengi walikuwa mbali baharini wakivua, na huko kwenye kina kirefu wimbi la namna hii hupita chini ya chombo bila kutambulika. Akina mama walikuwa nyumbani na watoto. Mwenye mtoto mmoja mgongoni na mwingine mkononi atashindanaje mbio na maji? Basi mhubiri atutajie dhambi ya mama huyo. Kulea?

Siku mbili baadaye Kanisa liliadhimisha Watoto Mashahidi, na Injili ya siku hiyo inamtaja Raheli anayelia asitake kufarijiwa. Mwinjili hakumwambia kwamba wanawe walistahili. Alimwacha alie.

Na tusisahau Velankanni, kusini mwa India, kwenye Basilika ya Mama Yetu wa Afya Njema. Mahujaji walikuwa wamefurika kwa ajili ya Noeli. Maji hayakuingia kanisani, na waliokuwa kwenye Misa walipona. Wengi waliita muujiza. Simkatazi mtu kushukuru. Lakini mamia ya mahujaji waliokuwa ufukweni walichukuliwa na bahari, nao walikuwa na rozari zilezile na nia zilezile. Anayesema wa ndani waliokolewa kwa imani yao, afahamu anachowaambia wafiwa wa wale wa nje.

Kosa hili si geni, wala si la madhehebu mengine tu. Tarehe 1 Novemba 1755, sikukuu ya Watakatifu Wote, tetemeko liliipiga Lisbon watu wakiwa makanisani, kisha bahari ikaja, kisha moto. Padre Gabriel Malagrida, Mjesuiti, aliandika kwamba chanzo kilikuwa dhambi za wakazi, wala si maumbile. Padre, ndiyo, mwenye elimu yake yote. Rafiki zake Ayubu nao walijua kupanga hoja, na mwisho wa kitabu Mungu anawakasirikia wao, si Ayubu aliyenung'unika.

Bwana wetu mwenyewe aliulizwa jambo la namna hii. Katika Luka sura ya 13 anawataja watu 18 walioangukiwa na mnara kule Siloamu, na anakana kwamba walikuwa wakosefu kuliko wakazi wengine wa Yerusalemu. Mtanijibu kwamba papo hapo anadai toba. Ni kweli, ila anaidai kwa walio hai waliosimama mbele yake. Waliofukiwa hakuwahukumu.

Kinachonichoma zaidi ni kwamba hoja ya adhabu huwapa wakubwa likizo. Bahari ya Pasifiki ilikuwa na kituo cha tahadhari ya tsunami tangu 1949. Bahari ya Hindi haikuwa nacho. Wanasayansi kule Hawaii waliliona tetemeko ndani ya dakika chache, lakini hapakuwa na njia iliyoandaliwa ya kumfikia mvuvi wa Sri Lanka, ambaye alikuwa na saa 2 hivi, wala yule wa Somalia, aliyekuwa na saa 7. Saa 7! Kenya, habari zilipofika, polisi waliwaondoa watu ufukweni, na akafa mmoja. Mfumo wa tahadhari wa Bahari ya Hindi ulianza kazi kikamilifu mwaka 2011, maiti wakiwa wamekwisha kuzikwa. Anayeamini kwamba Mungu ndiye aliyeua hana sababu ya kuuliza kengele ilikuwa wapi.

Kisiwa cha Simeulue kiko karibu kabisa na lilipoanzia tetemeko lile. Tsunami ilikuwa imewaua watu wengi huko mwaka 1907, na wazee waliobaki wakawafundisha wajukuu neno moja, smong: ardhi ikitikisika sana, na bahari ikirudi nyuma, kimbilia mlimani, usiokote samaki. Mwaka 2004 kisiwa kilikuwa na watu wapatao 78,000. Walikufa 7.