Kalamu ya Gavana

Katika majimbo mengi ya Marekani bunge likishapitisha bajeti, gavana huweza kufuta fungu asilolitaka na kuyaacha mengine yawe sheria.

Mwezi Juni 2019 Gavana Mike Dunleavy wa Alaska alifuta kiasi cha dola milioni 444. Chuo Kikuu cha jimbo kilikatwa milioni 130, na wazee wa kipato kidogo wakafutiwa posho yao ya mwezi. Huku nyuma alikuwa amewaahidi wananchi gawio nono la fedha za mafuta. Yaani mkono huu upewe noti, mkono ule unyang'anywe shule!

Kuyarudisha mafungu kulitaka kura 45 kati ya wabunge 60. Julai 10 zilipatikana 37. Wabunge 22 hawakufika kikaoni. Sisi tunauliza: kura gani hii, asiyekuja akawa na nguvu sawa na aliyekuja akapinga? Katika matawi yetu asiyehudhuria mkutano hahesabiwi.

Wananchi hawakulala. Waliandamana, wakakusanya saini za kumng'oa. Agosti posho ya wazee ikarudishwa, na makato ya Chuo yakashushwa hadi milioni 25 mwaka ule, jumla milioni 70 kwa miaka mitatu. Bado ni makato, na wafanyakazi wa Chuo ndio walioyabeba.