Homa ya Anayepona Yahitaji Jina

Neno "kinga" katika Kiswahili lina maana zaidi ya moja. Kinga ni kizuizi cha madhara. Kinga vilevile ni kipande cha ukuni kinachowaka, na ndicho kinachotajwa katika methali: kinga na kinga ndipo moto uwakapo. Zahanatini kwetu Kilifi, tunapozungumzia kinga ya mwili, huishia kwenye maana ya kwanza. Mgonjwa wa kifua kikuu anayeishi pia na virusi vya Ukimwi yampasa aijue na ya pili.

Tangu mwaka 2021, Shirika la Afya Duniani limeshauri mgonjwa huyo aanzishiwe dawa za kupunguza makali ya virusi katika muda wa wiki 2 baada ya kuanza tiba ya kifua kikuu, isipokuwa ugonjwa ukiwa umeingia katika utando wa ubongo. Ushauri huo ni wa busara. Hata hivyo, kinga iliyokuwa imefifia inapowaka upya, huwavamia kwa ghafla bakteria waliomo mwilini, hata mabaki ya waliokwisha kufa. Homa hurejea, tezi huvimba, na kifua hubana. Mara nyingi haya hutokea katika miezi 3 ya kwanza, mgonjwa akiwa ameshaanza kupata nafuu.

Madaktari wana jina la hali hiyo kwa Kiingereza. Mgonjwa wa Ganze au Magarini asipopewa jina atajitafutia lake: dawa zimenikataa, au nimerogwa. Akiacha vidonge, maradhi yatarudi, na huenda yakarudi yakiwa sugu.

Sisemi kwamba kila homa ni ya namna hii. Yawezekana dawa hazifui dafu, ini limedhurika, au pameingia ugonjwa mwingine. Kupambanua ni kazi ya daktari, na akithibitisha aweza kuongeza dawa ya kutuliza uvimbe huku tiba zote mbili zikiendelea.

Napendekeza hali hii tuiite "mwako wa kinga". Mgonjwa aambiwe mapema, kabla ya kuondoka na vidonge: "Huenda homa ikakurudia baada ya kupata nafuu. Usiache dawa. Njoo upesi tukutazame." Kigiriama na Kichonyi navyo vitafutiwe istilahi, na waulizwe wenye lugha wenyewe. Idara ya afya ya kaunti ina wahudumu wa jamii wanaofika hadi vijijini. Wapewe maneno haya pamoja na dawa.