SAA 72 ZILIZOMWANGUSHA BERNIE SANDERS: SOMO KWA KILA KIJANA ANAYETAKA MABADILIKO

Vijana wenzangu, kila siasa za Marekani zikipamba moto, maskani zetu nazo hugawanyika. Kuna wale husema chama cha Democratic ni kile kile, wazee wale wale, hakuna cha kutarajia. Kuna wale wamejaza simu zao video za Bernie Sanders na Ilhan Omar. Lakini swali la pande zote mbili huwa moja: mbona watu wanaosema maneno ya haki, wanaopendwa na vijana, hawaipati tiketi ya urais?

Jibu la haraka ni "waliibiwa." Mimi naona jibu hilo ni rahisi mno, na tena linatulemaza. Nikiutazama mchujo wa Democratic wa 2020, naona upande wa wastani ulishinda kwa mambo mawili: uliungana kwa wakati, na watu wake walifika kituoni. Hoja zao hazikuwa bora kuliko za Sanders. Mpangilio wao ndio ulikuwa bora.

Hebu tuelewane kwanza.

Ndani ya Democratic kuna mirengo miwili mikubwa. Upande mmoja kuna wanamageuzi. Mwaka 2020 hao walikuwa Sanders na Elizabeth Warren. Walitaka bima moja ya afya ya serikali kwa kila raia, vyuo vya umma bila karo, na matajiri wakubwa walipe zaidi. Warren alipendekeza kodi ya asilimia 2 kila mwaka kwa mali inayozidi dola milioni 50. Upande wa pili kuna watu wa wastani: Joe Biden, Pete Buttigieg, Amy Klobuchar. Hawa walisema tusivunje nyumba, tuongeze vyumba. Mwenye bima yake binafsi abaki nayo, asiyekuwa nayo apewe nafasi ya kununua ya serikali. Na silaha yao kubwa ilikuwa swali moja tu: nani kati yetu anaweza kumng'oa Donald Trump?

Huku kwetu mgombea urais mara nyingi huidhinishwa na wajumbe ukumbini. Machi 2022 wajumbe wa UDA walimuidhinisha William Ruto pale Kasarani, kazi ya siku moja. Kule ni safari ya miezi. Wapiga kura wa chama wanapiga kura jimbo baada ya jimbo, na kila mgombea anakusanya wajumbe. Mwaka 2020 ilihitajika wajumbe 1,991 kati ya 3,979. Na kuna kanuni moja ya kushika kichwani: usipofikisha asilimia 15 ya kura, kwa kawaida huambulii mjumbe. Kwa hivyo wagombea wanaofanana wakigawana kura, wanaumizana wenyewe.

Sasa tazama ilivyokuwa.

Iowa, tarehe 3 Februari, Sanders alipata kura nyingi kuliko wote, ingawa Buttigieg alimpita kwa hesabu ya wajumbe. New Hampshire, Sanders akashinda. Nevada, tarehe 22 Februari, akashinda kwa kishindo. Biden alikuwa amemaliza wa nne Iowa na wa tano New Hampshire. Watu walishaanza kumwandikia tanzia. Kura za wastani zilikuwa zimetawanyika kwa Biden, Buttigieg, Klobuchar na bilionea Michael Bloomberg, na Sanders alikuwa akipita katikati yao.

Kisha ikaja South Carolina, tarehe 29 Februari. Siku tatu kabla, mbunge James Clyburn, mzee anayeheshimika sana miongoni mwa Wamarekani weusi wa jimbo hilo, alitangaza yuko na Biden. Biden akazoa karibu nusu ya kura zote. Sanders akabaki na takriban asilimia 20.

Baada ya hapo mambo yalikwenda mbio. Tarehe 1 Machi, Buttigieg akajiondoa. Tarehe 2 Machi, Klobuchar akajiondoa. Jioni hiyo hiyo wote wawili walikuwa Dallas wakimuunga mkono Biden. Tarehe 3 Machi majimbo 14 yakapiga kura kwa mpigo. Biden akachukua 10. Sanders akapata manne: California, Colorado, Utah na Vermont kwao.

Hesabu mwenyewe. Kutoka jioni ya South Carolina hadi jioni ya majimbo 14 ni saa 72. Mtu aliyekuwa akiongoza akageuka wa kufukuza.

Chukua Minnesota. Hilo ni jimbo la Ilhan Omar, ambaye utotoni aliishi miaka minne katika kambi ya wakimbizi ya Utange, hapa hapa Mombasa, kabla familia yake haijahamia Marekani. Mwaka 2016 Sanders alishinda Minnesota. Mwaka 2020 Ilhan alisimama jukwaani kumpigia debe. Biden hakuwa na kampeni ya maana huko. Lakini Klobuchar, seneta wa jimbo hilo, alipojiondoa jana yake na kusema mpigieni Biden, watu walimpigia Biden. Akashinda.

Na upande wa wanamageuzi? Warren alibaki. Tarehe 3 Machi alimaliza wa tatu hata Massachusetts, jimbo lake mwenyewe. Kule Maine, Biden alimshinda Sanders kwa takriban asilimia moja, huku Warren akiwa na zaidi ya asilimia 15. Alijiondoa tarehe 5, siku mbili baada ya mvua kuisha. Sisemi kura zote za Warren zingeenda kwa Sanders, maana baadhi ya wafuasi wake walimpenda Biden kama chaguo la pili. Wala simlaumu Warren peke yake. Wafuasi wa Sanders walishinda wiki nzima mitandaoni wakimwita nyoka. Unamwita mwenzio nyoka Januari, halafu Machi unamwomba kura? Haiwezekani.

Najua kuna mtu hapa atasema: chama kiliwachezea. Haki isemwe. Mwaka 2016 malalamiko yalikuwa na msingi. Barua pepe zilizovuja zilionyesha maafisa wa chama wakimsema vibaya Sanders, na mwenyekiti Debbie Wasserman Schultz akalazimika kujiuzulu. Tena kulikuwa na wajumbe wakubwa zaidi ya 700, viongozi wa chama, ambao wangeweza kumpigia yeyote bila kujali wananchi wamesema nini. Lakini wafuasi wa Sanders walipigana ndani ya chama, na mwaka 2018 kanuni ikabadilishwa: wajumbe hao wasipige kura duru ya kwanza kwenye mchujo wenye ushindani. Kwa hivyo 2020 Sanders hakuangushwa na wajumbe wakubwa. Aliangushwa na wapiga kura. Na viongozi wa wastani kupigiana simu wakubaliane, huo si wizi. Hiyo ndiyo siasa yenyewe.

Hapa ndipo tunapopaswa kuwa wakweli zaidi.

Mpango wa Sanders ulitegemea vijana. Alisema ataleta wapiga kura wapya, watu ambao hawajawahi kusimama kwenye foleni. Vijana walimpenda, hilo halina ubishi. Kila aliyehesabu kura za walio chini ya miaka 30 alimkuta Sanders juu. Tatizo ni kwamba hawakuja wengi wa kutosha. Baada ya tarehe 3 Machi Sanders mwenyewe alikiri hadharani kwamba hawakufanikiwa kuwaleta vijana kama alivyotumaini. Mikutano ilijaa. Mitandao iliwaka. Foleni zikajaa wazee.

Na wale wazee tusiwadharau. Nimewasikia vijana wetu wakisema akina mama weusi wa South Carolina "hawajaelimika," ati ndio maana walimchagua Biden. Hiyo ni dharau na pia ni kutoelewa. Mtu aliyezaliwa jimbo ambalo mweusi alinyimwa kura kwa sheria na kwa vitisho, anapiga kura kwa hesabu ya usalama. Anauliza: ahadi hii kubwa, ikikwama, nani ataumia kwanza? Ni mimi. Alimjua Biden kama makamu wa Obama kwa miaka minane. Sanders alikuwa na miaka minne, kutoka 2016, ya kwenda kukaa naye barazani na kumtoa hofu. Hakufaulu. Hoja nzuri isiyobishiwa hodi kwenye nyumba ya mama mzee inabaki kuwa twiti tu.

Je, basi kushindwa kule kulikuwa bure? Hapana. Sanders alijiondoa tarehe 8 Aprili, na alipomuunga mkono Biden siku chache baadaye, waliunda kamati za pamoja za mirengo miwili kuandika sera. Ile ya tabianchi iliongozwa na John Kerry pamoja na Alexandria Ocasio-Cortez. Sheria kubwa ya 2022 iliipa serikali nguvu ya kujadiliana bei za baadhi ya dawa za wazee, na ikaweka kikomo cha dola 35 kwa mwezi kwa insulini ya wale walio kwenye bima ya wazee. Siku ya kwanza kazini, 20 Januari 2021, Biden alifuta ile marufuku ya Trump iliyozuia watu wa Somalia na nchi nyingine kadhaa kuingia Marekani. Hayo si mageuzi yote yaliyoahidiwa. Lakini familia iliyotenganishwa na marufuku ile haikuhitaji kuambiwa tofauti iko wapi.

Sasa watu wa wastani nao wasishangilie sana, maana wana ugonjwa wao. Wakishashinda, hudhani kura za wanaodai haki ni mali yao. "Mtaenda wapi?" Mwaka 2024 jibu lilitoka Michigan. Biden hakuwa na mpinzani wa maana, na Gaza ilikuwa inaungua. Tarehe 27 Februari zaidi ya watu 100,000 walipiga kura ya "hatujaamua" badala ya kumpigia rais wao, takriban asilimia 13. Dearborn, mji wenye Waarabu na Waislamu wengi, kura hiyo ilimshinda Biden. Minnesota ilifika karibu asilimia 19. Ile ilikuwa barua ya onyo, yenye tarehe na mhuri. Sera ya Gaza haikubadilika vya kutosha kuwarudisha. Novemba, Trump aliichukua Michigan kwa takriban kura 80,000, na Dearborn yenyewe akaongoza. Siwezi kusema Gaza peke yake ndiyo iliyomwangusha Kamala Harris. Bei ya vitu nayo ilisema. Lakini anayewaita wenzake jamaa wakati wa kura tu, asishangae wakiacha kuitika.

Kwa hivyo pande zote mbili zina deni. Wa wastani wajue kuungana bila kusikiliza hakudumu. Wanamageuzi wajue kuwa na haki bila mpangilio hakutoshi.

Na inawezekana kupanga. Tazama New York mwaka 2025, mchujo wa umeya. Zohran Mamdani, kijana aliyezaliwa Kampala, alianza mwaka akiwa chini kabisa kwenye kura za maoni. Mpinzani wake alikuwa Andrew Cuomo, gavana wa zamani, jina kubwa, pesa nyingi. Mamdani akazungumza vitu vinavyoshikika: kodi ya nyumba isipande kwa waliomo kwenye nyumba zinazodhibitiwa, mabasi bila nauli, malezi ya watoto bila malipo. Maelfu ya watu wa kujitolea wakabisha hodi mlango kwa mlango. Tena yeye na Brad Lander, mwanamageuzi mwenzake aliyekuwa akiwania kiti hicho hicho, wakasimama pamoja na kuwaambia wafuasi wao: mweke mmoja wetu wa kwanza, mwingine wa pili. Hakuna aliyeitwa nyoka. Duru ya mwisho ya kuhesabu, Mamdani alipata asilimia 56. Novemba akashinda umeya.

Mji mmoja si nchi nzima, nakubali. New York si South Carolina. Lakini somo ni lile lile likisomwa upande wa pili: safari hii walioungana na waliofika kituoni walikuwa vijana.

Sasa turudi nyumbani. Wengi wetu tunasubiri uchaguzi mkuu ndio tulalamike kwamba tumeletewa majina mabovu. Majina hayo hupikwa mapema, kwenye mchujo wa vyama, kwenye vikao vya wajumbe wa wadi, siku ambayo sisi tuko maskani tunapiga stori. Anayekwenda siku hiyo ni yule mzee unayemcheka, na shangazi wa chama mwenye leso yenye picha ya mgombea. Wanajua kitu usichokijua.

Kabla ya 2027, jiulize mambo matatu. Je, umejiandikisha? Je, unajua mchujo wa chama unachokitaka unafanyika lini na nani anaruhusiwa kupiga kura? Na yule mwenzako mnayetofautiana kwa mambo mawili kati ya kumi, bado mnasalimiana?

Kama la tatu jibu ni hapana, anza na hilo. Mpigie simu leo.