Chawa wa Kuku Hahamii Kichwani kwa Mtoto

Sisi walimu wa kujitolea tulikuwa tumepanga mwezi huu tuandike juu ya mchicha wa kupanda kwenye magunia, lakini mchicha utasubiri kidogo. Kuna jambo limeingia kwenye bloku zetu na limeanza kuwaliza watoto.

Jambo lenyewe ni hili. Darasa la nne tuliwaona watoto watatu wanajikuna vichwa kutwa nzima. Tukawatazama, tukakuta chawa. Tukawaandikia wazazi barua fupi, basi. Kumbe barua ilipofika nyumbani maneno yalikuwa yameshageuka njiani: ati chawa wanatoka kwa kuku! Nyumba mbili ziliuza kuku wao siku hiyohiyo, tena kwa bei ya kutupa. Na binti mmoja, ambaye ana tetea mwekundu aliyemlea tangu kifaranga na kumpa jina la Mapendo, ameambiwa na mama yake kwamba kuku huyo ana wiki mbili: apone au aingie chunguni.

Hofu ya wazazi tunaielewa, hatuicheki. Ndugu zetu waliotoka Burundi wanakumbuka ugonjwa walioita sutama, uliopiga kati ya mwaka 1995 na 1997, ukaenea sana katika makambi ya watu waliokimbia makwao. Ulikuwa ni tifasi, na kweli uliletwa na chawa. Mtu aliyeyaona hayo hawezi kusikia neno chawa akabaki ametulia. Lakini yule alikuwa ni chawa wa nguo. Anakaa kwenye mishono ya mashati na kwenye mablanketi, na damu anayokunywa ni ya binadamu. Chawa wa kichwa naye ni wa binadamu tu. Anahama kichwa kwa kichwa watoto wanapolala mkeka mmoja au kuazimana vitana. Chawa wa kuku ni kabila lingine. Chakula chake kikubwa ni manyoya na magamba ya ngozi ya kuku. Ukimshika kuku anaweza kukutambaa mkononi, utasikia kinyaa, lakini hawezi kuishi kwako wala kutaga mayai katika nywele zako. Kwa hiyo wale watoto watatu hawakuambukizwa na kuku yeyote. Waliambukizana wao kwa wao.

Sasa, kusema hivyo si kusema kwamba kuku wako hana kitu. Wengi wanacho. Na kuna mdudu wa kuku ambaye watu anawauma kweli. Huyo tutamfikia.

Kwanza, namna ya kukagua. Mshike kuku asubuhi kabla hujamfungulia, umlaze ubavu mapajani. Pekua manyoya ya chini ya mkia, pale karibu na njia ya haja, kisha chini ya mabawa na kwenye shingo. Chawa utawaona kwa macho: wana rangi ya majani makavu, wamebapa, wanakimbia mwanga mbio sana. Mayai yao yamegandamana kwenye shina la unyoya, meupe meupe kama ugali uliokauka kwenye mwiko. Ukiyaona hayo, ni chawa, huna haja ya kumwuliza mtu. Chawa anaishi juu ya kuku maisha yake yote, usiku na mchana. Akianguka chini hamalizi siku nyingi, anakufa. Hiyo ni habari njema, maana dawa yake unaipeleka mahali pamoja tu, mwilini mwa kuku.

Tulipomkagua Mapendo asubuhi, mbele ya mama mwenye nyumba, hatukuona chawa hata mmoja. Lakini kilemba chake kilikuwa kimepauka kama cha kuku mgonjwa, na binti akatuambia kwamba siku hizi jioni Mapendo hataki kuingia kwenye tenga lake, anazunguka zunguka mpaka asukumwe. Hapo tukaomba ruhusa turudi saa mbili usiku na tochi.

Tochi ndiyo iliyosema. Chini ya fito anayolalia, na kwenye mafundo ya tenga, walikuwa wamejaa wadudu wadogo kuliko kichwa cha pini, wengine wa kijivu, wengine wekundu. Ni utitiri. Yule mwekundu ndiye aliyekwisha kunywa. Utitiri wa aina hii mchana hawakai juu ya kuku, wanajificha kwenye nyufa. Usiku wanatoka, wanapanda, wanakunywa damu, halafu wanarudi nyumbani kwao. Ndiyo maana mtu anakagua kuku mchana, hakuti kitu, anasema kuku wangu mzima, na kuku anazidi kukauka. Kama huna tochi, tandika kitambaa cheupe chini ya fito jioni, asubuhi ukisugue kwa kidole. Ukiona michirizi ya damu, jibu unalo. Alama nyingine ni vumbi la kijivu kwenye nyufa, kama mtu kachanganya chumvi na pilipili manga akainyunyiza.

(Kuna utitiri wa aina nyingine ambao hukaa juu ya kuku mchana na usiku, hasa pale chini ya mkia, manyoya yakawa meusi meusi kama yamepakwa masizi. Huyo mtibu kuku kama wa chawa, na nyumba yake pia isafishwe.)

Sasa hesabu pamoja nasi, wanafunzi wa darasa la sita hili mnaliweza. Kuku analalia mayai siku 21. Kwenye joto, utitiri anatoka yai mpaka kuwa mkubwa wa kutaga kwa siku kama 7 hadi 10. Maana yake kuku mmoja akiwa ameatamia, utitiri wanazaa na kupata wajukuu chini yake kabla kifaranga wa kwanza hajatoboa ganda. Kuku amefungwa pale, hawezi kuinuka kwenda kujigaragaza mavumbini. Wengine wanayaacha mayai, na sisi tunasema kuku huyu ni mama mbaya. Wengine wanavumilia, vifaranga wanatoka, halafu wao ndio wanaonyonywa damu mpaka wanakufa.

Na ndio hawa wanaowauma watu. Hapa kambini wengi wetu tunalaza kuku ndani kwa sababu ya wezi, tena mara nyingi nyuma ya kitanda cha watoto. Utitiri wenye njaa hawachagui. Mtoto anaamka na vipele vinavyowasha mikononi na shingoni. Hawawezi kuweka makao mwilini mwa mtu, ila kuuma watauma. Msichanganye na upele, ule unaowasha katikati ya vidole na kiunoni, na unaoenea kwa nyumba nzima. Upele ni mdudu wa binadamu, huo mpeleke mtoto zahanati. Ushauri wetu kwa nyumba zenye kuku ndani: tenga likae mbali na kitanda, upande wa mlango, wala lisiguse ukuta.

Tiba ya utitiri ni nyumba kwanza, kuku baadaye. Toa majani yote ya kiota uyachome, lakini mbali na nyumba, jamani, maturubai yetu mnayajua. Fito na tenga vimwagie maji yanayochemka. Tunajua kuni ni shida, na mabinti wanazifuata mbali. Basi usichemshe maji kwa ajili ya tenga peke yake. Jua linaweza kufanya kazi hiyo. Siku ya jua kali funga tenga na fito ndani ya kipande cha turubai, kisha uache nje tangu saa nne mpaka saa tisa, ukiligeuza mara moja. Utitiri hawastahimili joto la nyuzi 45 na kuzidi, na ndani ya turubai juani joto hilo linapatikana. Kuku asiwemo, tafadhali! Nyufa za ukuta ziparure, uzizibe kwa udongo uliochanganywa na majivu. Baada ya wiki moja rudia kazi yote, kisha wiki ya tatu tena, maana mayai mengine yanasalimika. Na usidhani kuhamisha kuku kunatosha. Utitiri wanaweza kukaa miezi bila kula, wanamsubiri.

Kwa chawa, mpe kuku mahali pa kujigaragaza: karai bovu au shimo dogo palipo pakavu, mchanga mwembamba nusu, majivu ya kuni yaliyochekechwa nusu. Majivu yanasaidia, lakini kuku aliyejaa chawa majivu peke yake hayamtoshi. Kuna dawa ya unga ya kuku yenye pamethrini. Soma karatasi yake, umpake kwa mkono uliovikwa mfuko, ukifikisha kwenye ngozi, chini ya mabawa na chini ya mkia. Puani na machoni hapana. Dawa nyingi hazivunji mayai ya chawa, hivyo rudia baada ya siku 7 hadi 10. Kuku wote wapakwe siku moja. Ukipaka wako watatu na wa jirani wanne wakabaki, umefanya kazi bure, maana mchana wanajigaragaza shimo moja. Ongeeni. Hata wale wasiosalimiana kwa mambo ya bomba la maji, kwa hili waongee.

Miguu je? Kuna kuku ambao magamba ya miguu yao yanainuka, yanakuwa mazito na meupe kama chokaa, mwisho kuku anachechemea. Wazee wengine husema ni uzee. Si uzee, ni mdudu mwingine mdogo sana anayechimba chini ya magamba. Osha miguu kwa maji ya vuguvugu na sabuni, sugua polepole kwa mswaki mkuukuu, kausha, kisha paka mafuta mazito. Mawese yanafaa, mafuta ya mgando pia. Mafuta yanamziba mdudu pumzi. Rudia kila baada ya siku chache kwa wiki tatu hivi. Usiyabandue magamba kwa kucha, yatatoka damu. Viroboto weusi wanaojishikiza kuzunguka macho na kwenye kilemba nao paka mafuta hayohayo kwa uangalifu, wataachia.

Sasa tuseme na baba zetu na kaka zetu. Dawa ya kupulizia mazao si dawa ya kuku. Mafuta ya taa matupu yanaunguza ngozi, na kuku aliyelowa mafuta ya taa akipita karibu na mafiga ni hatari kwa bloku nzima. Maji ya tumbaku yanaua chawa, ndiyo, na yanaweza kuua kuku na mtoto aliyemshika. Utupa wengi mnaujua kwa kazi ya kuulia samaki. Anayeutumia kwa kuku asimwage maji yake kijitoni. Na dawa yoyote ya dukani, uliza siku ngapi mayai yasiliwe.

Jambo moja la haraka: kuku wengi wakifa kwa pamoja, wakipinda shingo na kuharisha kijani, hiyo si chawa wala utitiri. Ni kideri, na kinga yake ni chanjo. Mwambieni ofisa mifugo siku hiyohiyo.

Tenga la Mapendo lilikaa juani Jumatano na litarudi juani Jumatano ijayo. Mama wa binti amekubali kuhesabu wiki tatu badala ya mbili, na tenga limehamia karibu na mlango.

Wanaotaka kuonyeshwa namna ya kukagua, waje uwanja wa shule Jumamosi ya kwanza ya mwezi saa tatu asubuhi. Kila mmoja na kuku wake, amefungwa miguu kwa kitambaa laini, si kwa kamba ya katani. Watoto waje na mzazi au na dada mkubwa. Karai la majivu tutakuwa nalo sisi.